Ng'ombe wa Deben 120

Deir el-Medina ni kijiji kilichokuwa ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji wa Thebes. Walikaa humo mafundi waliochonga makaburi ya mafarao. Kigae kimoja kilichookotwa huko kina hesabu ya ng'ombe aliyeuzwa kwa deben 120 za shaba. Deben moja ni gramu 91 hivi, kwa hiyo bei hiyo ni karibu kilo 11 za shaba. Lakini shaba yenyewe haikuonekana. Mnunuzi alileta vyungu 2 vya mafuta ya mnyama, vikahesabiwa deben 60. Mashati 5 ya kitani laini, deben 25. Vazi 1 la kitani cha Misri ya Juu, deben 20. Na ngozi 1, deben 15. Jumlisha mwenyewe: 120 kamili.

Ukimuuliza mtu aliyepita shule zetu hiyo ni biashara gani, atakujibu bila kusita: mali kwa mali. Tulifundishwa hivyo. Mkulima ana mahindi, mfinyanzi ana chungu, wanakutana njia panda na kubadilishana. Kisha kasoro zinaorodheshwa ili mwanafunzi azikariri: sharti kila mmoja akitake alichonacho mwenzake, mbuzi hagawanyiki, nyanya zinaoza. Ndipo sarafu inaingia na matatizo yote yanakwisha. Adam Smith aliisimulia hivyo hivyo mwaka 1776, kwa mifano ya muuza nyama, mpika bia na mwoka mikate, na tangu hapo imenakiliwa kitabu hadi kitabu. Ni simulizi nyepesi kufundisha na nyepesi zaidi kutungia mtihani. Tatizo lake ni kwamba haifanani na kigae.

Kitazame tena. Bidhaa 4 tofauti, kila moja na bei yake, na bei zote zimetajwa kwa kipimo kimoja ambacho hakuna aliyekishika mkononi. Muuzaji hakuhitaji kuwa na shida na ngozi. Alichohitaji kujua ni kwamba ngozi ile, akiipeleka kwa jirani kesho, itahesabiwa deben 15 au karibu na hapo. Na kijijini hapo bei zilijulikana: shati deben 5, ndala deben 1 au 2, punda kati ya 25 na 40. Bei ilikuwapo, daftari lilikuwapo, deni lilikuwapo. Kilichokosekana ni sarafu tu, na ingechukua zaidi ya miaka 500 kabla sarafu ya kwanza haijagongwa popote katika eneo lile la dunia.

Kwa hiyo swali la maana si "waliwezaje kununua bila pesa?" Waliweza vizuri tu. Swali ni: ugumu wao ulikuwa wapi? Nami naona haukuwa kwenye kumpata mtu mwenye mahindi. Ulikuwa kwenye vipimo, kwenye ubora wa kinachopimwa, na kwenye kumfanya mwenye deni alipe.

Tuanze na deni, maana hapo ndipo kijiji kile kiliumizwa zaidi. Mauzo mengi hayakumalizika siku moja. Leo unachukua chungu cha mafuta, unalipa nusu kwa kikapu na nusu kwa ahadi. Kwa lugha ya masoko yetu, mali kauli. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake utaratibu huo unafanya kazi, ila una ugonjwa mmoja: mdaiwa akiwa mkubwa, mdai anabaki na kigae chake. Fundi mmoja, Menna, alimkopesha mkuu wa askari Mentmose chungu cha mafuta, naye akaahidi kulipa shayiri. Zaidi ya miaka 10 ilipita, Menna akienda barazani na kurudi, shayiri haijaonekana. Mfuko wa sarafu usingemsaidia hata kidogo, kwani Mentmose asingezitoa vilevile.

Palipohitajika kipimo kikubwa zaidi walitumia fedha, nikimaanisha madini. Katika mwaka wa 15 wa utawala wa Ramesses II, mwanamke aitwaye Erenofre alinunua msichana mtumwa kwa mfanyabiashara Raia, kwa deben 4 na kite 1 za fedha. Kite ni sehemu ya kumi ya deben. Tunaijua bei kwa sababu baadaye alishtakiwa na kulazimika kuitaja mbele ya mahakama, kitu kimoja baada ya kingine: sanda ya kitani laini kwa kite 5; bakuli la bronzi lenye uzito wa deben 18 alilolipata kwa jirani; mabaki ya shaba ya deben 10, yakahesabiwa kite 1. Kipande hicho cha mwisho kinatuonyesha kiwango cha kubadilishia: fedha ilikuwa na thamani mara 100 ya shaba. Kinaonyesha pia jambo lingine. Erenofre hakuwa na vitu vyote nyumbani; alizunguka kwa majirani akikusanya vyombo ili thamani itimie. Binti aliyenunuliwa ameingizwa katika hesabu ileile ya mashuka na mabakuli. Wanaozisifu enzi za kabla ya sarafu kana kwamba zilikuwa za kugawana kindugu waisome hati hiyo.

Kiswahili kinalibeba jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi. Sisi tunasema "fedha" kwa madini na "fedha" kwa pesa, na Wamisri wa wakati wa Ramesses walifanya hivyohivyo: neno lao la fedha, hedj, lilikuja kumaanisha malipo, hata pale yalipofanywa kwa nguo.

Mesopotamia, Iraq ya leo, walikuwa na mfumo mkavu zaidi, wa makarani. Shekeli yao ni gramu 8.3 hivi, shekeli 60 hufanya mina moja, mina 60 hufanya talanta moja. Upande wa nafaka, sila ni karibu lita moja na gur ni sila 300. Sheria za mji wa Eshnunna, za karne ya 18 KK, zinafungua moja kwa moja na orodha ya bei: shekeli 1 ya fedha ni sawa na gur 1 ya shayiri, au sila 12 za mafuta ya ufuta, au mina 6 za sufu, au mina 3 za shaba, au gur 2 za chumvi. Ukishakuwa na orodha hiyo, karani anaweza kubadili kitu chochote kuwa kingine bila gramu moja ya fedha kutoka sandukuni. Wala bei hizo hazikuwa amri iliyotiiwa kila siku. Shayiri hupanda kabla ya mavuno na kushuka baada yake, hata sheria ikisema nini.

Humo ndani kuna mstari mmoja ninaoupenda kuliko yote. Mvunaji wa kukodi alipwe sila 20 za shayiri kwa siku. Akilipwa fedha, apewe "punje" 12. Punje ni sehemu ya 180 ya shekeli. Piga hesabu: gur 1 kwa shekeli 1 maana yake sila 300 kwa punje 180, kwa hiyo punje 12 ni sila 20 hasa. Karani hakubahatisha. Sasa zigeuze punje 12 ziwe gramu: ni kama nusu gramu ya fedha, kipande ambacho ukikohoa kinaruka. Nani atakipima hicho shambani, jua la mchana, kwa mizani ya kushika mkononi inayoyumba kwa upepo? Hakuna. Ndiyo maana kibarua alilipwa shayiri, na fedha ikabaki kuwa kipimo cha daftarini na malipo ya watu wa mafungu makubwa: kodi ya hekalu, nyumba, mahari, biashara ya mbali.

Nayo shayiri ina ugonjwa wake. Wanunuzi wa mazao hapa Tanzania wanaijua lumbesa, gunia linalojazwa hadi likavimba juu ya mdomo, mkulima akilipwa kama la kawaida. Dhuluma hiyo ina umri wa karibu miaka 4,000. Nafaka hupimwa kwa ujazo, na ujazo una mlango wa kupunjia kila upande: umefuta juu ya chombo kwa kijiti au umeacha kilele? Umemimina taratibu au umetikisa? Chombo ni cha nani? Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilimtaja mfanyabiashara anayekopesha kwa kipimo kidogo na kupokea kwa kipimo kikubwa: apoteze vyote alivyotoa. Zikamtaja pia mama muuza bia anayekataa shayiri na kudai fedha kwa jiwe kubwa la kupimia. Huyo atupwe majini. Adhabu nzito kiasi hicho haiwekwi kwa kosa linalotokea mara moja kwa mwaka.

Riba nayo ilifuata tabia za vitu hivi viwili. Kiwango kilichotajwa katika sheria hizohizo ni asilimia 20 kwa mkopo wa fedha, na theluthi moja kwa mkopo wa shayiri. Wasomaji wengi huona unyonyaji tu katika tofauti hiyo. Upo, lakini kuna sababu nyingine. Mkopaji wa shayiri huchukua wakati ghala ni tupu na bei iko juu, hurudisha kwenye sakafu ya kupuria wakati kila mtu anayo na bei iko chini. Ukirudisha kiasi kilekile ulichochukua, mkopeshaji amepata hasara hata bila wadudu na panya. Mwaka wa mavuno mabaya ndipo hesabu hiyo inapomgeukia mkulima: theluthi inadaiwa palepale, shayiri hakuna, na anayelipa ni mtoto au mke anayepelekwa kufanya kazi kwa mdai. Hammurabi alikomesha utumishi huo kwenye miaka 3. Yeye na wafalme waliomfuata walikwenda mbali zaidi, wakatangaza kufutwa kwa madeni ya shayiri na fedha yaliyowalemea watu wa kawaida. Tangazo la Ammi-saduqa, la mwaka wa 1646 KK hivi, linajulikana zaidi. Angalia lilichoacha: mtaji wa biashara kati ya washirika haukuguswa. Mfalme alitaka wakulima warudi shambani na katika orodha ya kodi, hakutaka kuua misafara ya wafanyabiashara.

Fedha ya kupima nayo ilitaka kazi. Ilitembea kama waya uliosokotwa, pete, vipande vilivyokatwa kwa patasi. Malipo yalikwenda hivi: mnunuzi anamwaga vipande kwenye sahani ya mizani, upande wa pili yanawekwa mawe ya kupimia, mara nyingi ya hematiti iliyosuguliwa kwa sababu ni gumu na halimeguki. Kikizidi, kipande kinakatwa. Kikipungua, kijipande kinaongezwa. Ndivyo Ibrahimu alivyomlipa Efroni shekeli 400 za shamba la Makpela: alimpimia, hakumhesabia, na Mwanzo 23 inaongeza kwamba ni kwa kiwango kinachokubaliwa na wafanyabiashara. Maneno hayo si mapambo. Shekeli ya mji mmoja haikuwa shekeli ya mji mwingine. Meli iliyozama Uluburun, pwani ya kusini ya Uturuki, karibu mwaka 1300 KK, ilibeba tani 10 za shaba na tani 1 ya bati, na humo kukakutwa mawe ya kupimia zaidi ya 100, ya viwango tofauti. Mfanyabiashara aliyejua kazi yake alisafiri na seti kadhaa, kila bandari kwa jiwe lake. Anayetaka kuiba alikuwa na njia rahisi: kununua kwa jiwe moja na kuuza kwa jingine.

Uzito ukishakubaliwa, linabaki swali la ndani ya kipande. Fedha ikichanganywa na shaba kidogo haionyeshi. Shaba ikizidi, rangi inaanza kugeuka kuwa ya manjano au nyekundu. Katika nchi za Kanaani, baada ya misukosuko ya karne ya 12 KK iliyokatiza njia za madini, walipata dawa ya hilo: waliongeza aseniki, ambayo hurudisha weupe. Hazina zilizofukuliwa Beth Shean na Megiddo zina vipande vya aina hiyo, shaba nyingi iliyovaa sura ya fedha.  Kipimo cha kuaminika kilikuwa kuyeyusha kipande pamoja na madini ya risasi hadi uchafu wote unywewe na fedha safi ibaki, kazi ya fundi, tanuri na mkaa. Kwa kipande cha nusu gramu haina maana. Kwa hiyo wengi waliangalia uso wa anayetoa kuliko kipande alichotoa.

Hapo ndipo sarafu inapoeleweka, na inaeleweka kama jibu la swali dogo na mahususi. Sarafu za kwanza ziligongwa Lydia, magharibi ya Uturuki ya leo, kuelekea mwisho wa karne ya 7 KK. Hazikuwa za dhahabu safi wala fedha safi, bali za mchanganyiko wa hizo mbili, ambao hupatikana hata kwenye mchanga wa mto Pactolus. Ukitafuta madini mabaya zaidi ya kupima kwa mizani, ni hayo: vipande viwili vyenye uzito sawa vinaweza kupishana sana kwa thamani, kutegemea dhahabu iliyomo. Waliogonga sarafu walifanya dhahabu iwe karibu asilimia 55, wakati ile ya mtoni mara nyingi huzidi asilimia 70, wakaweka kichwa cha simba juu yake. Alama ile ilimwambia mpokeaji asihangaike na kilichomo. Aliyegonga ataipokea kwa thamani iliyotajwa. Sarafu huhesabiwa, haipimwi. Nani alipata faida ya asilimia 15 iliyopungua, nadhani msomaji anajua.

Ila hata hivyo haikuwa pesa ya sokoni. Kipande kidogo kabisa, sehemu ya 96 ya sarafu nzima, kilikuwa na uzito wa gramu 0.15 na bado kilikuwa ghali mno kwa kununulia mboga. Iliyoshuka hadi kwa mtu wa kawaida ni fedha ya Wagiriki. Obol, sarafu ndogo ya fedha ya Athens, ilikuwa gramu 0.72, na mwishoni mwa karne ya 5 KK mwananchi aliyeketi barazani kuamua kesi alipokea obol 3 kwa siku. Mkumbuke mvunaji wa Eshnunna na punje zake 12. Kiasi kidogo namna ile, ambacho karani wa Mesopotamia alikiandika tu, sasa kiliweza kuwekwa kiganjani, au mdomoni, kama Waathene walivyozoea kubeba sarafu zao ndogo. Hayo ndiyo mabadiliko halisi, na yaliletwa na dola yenye machimbo ya fedha ya Laurion na maelfu ya watu wa kulipa kila siku: wapiga makasia, waashi, wazee wa baraza. Masoko hayakuyaomba.

Asiyekuwa na haja hiyo aliendelea na yake. Mfalme Dario wa Uajemi aligonga sarafu ya dhahabu ya gramu 8.4, maarufu hadi Ugiriki. Lakini vibao vya udongo vya Persepolis, mji wake wa kifalme, vya mwaka 509 hadi 493 KK, vinaonyesha wafanyakazi wa mfalme huyohuyo wakilipwa nafaka, mvinyo na bia. Mwanamume wa kawaida alipata takriban lita 30 za nafaka kwa mwezi; mwanamke aliyejifungua mtoto wa kiume aliongezwa mara mbili ya aliyejifungua wa kike. Baadaye kidogo, sehemu ya mshahara ikaandikwa kwa fedha, kondoo 1 kwa shekeli 3, mtungi 1 wa mvinyo kwa shekeli 1. Ni kigae cha Deir el-Medina tena, kwenye milki kubwa kuliko zote za wakati wake na yenye sarafu yake yenyewe.

Mfumo wa posho una nguvu kama ghala lilivyo na nafaka. Fundi wa Deir el-Medina alistahili magunia 5 na nusu kwa mwezi, 4 ya ngano na 1 na nusu ya shayiri, gunia likiwa kama lita 77. Ilizidi chakula cha familia, na ziada ndiyo iliyogeuka mashati na punda. Katika mwaka wa 29 wa Ramesses III posho ilichelewa siku 18. Mafundi waliweka nyundo chini, wakapita vituo vya walinzi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu wakisema wana njaa. Ndio mgomo wa kwanza tunaoujua ulioandikwa. Baada ya hapo bei ya nafaka, iliyozoea kuwa deben 1 au 2 kwa gunia, ikapanda mara kadhaa. Mfumuko wa bei bila sarafu hata moja.

Na mali kwa mali ya vitabuni je, haikuwapo? Ilikuwapo, ila mpakani, kati ya watu wasiokuwa na daftari moja wala hakimu mmoja. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 BK unaorodhesha kilichouzwa Rhapta, kwenye pwani yetu: mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, kwa ajili ya soko hilo, mashoka madogo, visu, sindano za kutobolea, mawe ya kioo ya aina mbalimbali. Hakuna sarafu katika orodha hiyo. Mvinyo na ngano vilipelekwa baadhi ya mahali, navyo havikuwa vya kuuza, vilikuwa vya kuwapendeza wenyeji. Kaskazini zaidi, bandari ya Adulis kwenye Bahari ya Shamu, mwongozo huohuo unasema wenyeji walikata shaba ya manjano vipande vipande na kuitumia badala ya sarafu, huku denari chache za Kirumi zikiletwa kwa ajili ya wageni waliokaa pale.

Adulis ilikuwa mlango wa Aksum, ufalme wa Ethiopia ya kale, na kuelekea mwisho wa karne ya 3 mfalme Endubis alianza kugonga sarafu zake, dhahabu na fedha, zenye maandishi ya Kigiriki ambayo mfanyabiashara wa ng'ambo angeweza kuyasoma. Miaka zaidi ya 200 baadaye, mfanyabiashara Cosmas wa Alexandria alieleza jinsi misafara ya Aksum ilivyokwenda nchi ya Sasu kutafuta dhahabu. Hawakubeba sarafu. Waliswaga ng'ombe, wakabeba chumvi na chuma. Wakifika, walizungusha boma la miiba, wakachinja, wakatundika vipande vya nyama juu ya miiba pamoja na chumvi na chuma. Wenyeji walikuja na vidonge vya dhahabu, kila mmoja akaweka chake juu ya kipande alichokitaka, akasogea mbali. Mwenye nyama akiridhika alichukua dhahabu. Asiporidhika aliiacha hapohapo, na mwenzake akarudi, ama kuongeza kidonge kingine, ama kuchukua chake na kuondoka.